Meno ya Chupa ya Kwinini

Jumapili, 1 Aprili 1956. Pasaka.

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata padre kwenye maungamo juzi. Mkono unaopima dawa katika zahanati ya shamba hili la mkonge si wa baba. Ni wangu.

Baba yangu, Lukasi Mhina, ndiye dresa, mganga msaidizi wa zahanati. Anavaa koti jeupe, wakata mkonge wote wanamwita daktari, na wakati wa vita aliwafunga vidonda askari huko Burma. Lakini tangu Krismasi macho yake yameingia ukungu. Anatembea humu ndani bila kujikwaa, anamjua kila mtu kwa sauti na kila dawa kwa harufu. Mistari ya glasi ya kupimia haioni. Maandishi ya daktari ndiyo kabisa.

Nyumba hii ni ya kazi. Dresa akiondoka, nyumba inakuwa ya dresa atakayekuja. Mama yuko Misima, anamuuguza bibi na kupanda mahindi, anajua nimekuja likizo kumpikia baba. Nilimwuliza baba kwa nini tusimwambie. Akasema, "Mama yako akijua, shangazi yako kajua. Shangazi yako akijua, stesheni zote mpaka Mombo zimejua." Tukacheka. Halafu akaniuliza kama mlango umefungwa.

Daktari Mzungu huja kutoka Korogwe kila Jumatano na kumwandikia kila mgonjwa kadi kwa mkato wao, Kiingereza kimechanganyika na Kilatini. Kiingereza nimefundishwa shule. Mkato amenifundisha baba, akichora kwa kidole kwenye unga juu ya meza. *b.d.* ni mara mbili kwa siku. *t.d.s.* ni kutwa mara tatu. *p.r.n.* ni pale mgonjwa anapohitaji. *gr.* ni uzito wa punje moja ya ngano, na usiudharau. Alama ya drakimu ni kama tatu yenye mkia. Alama ya aunsi ni hiyo hiyo, ila imeongezwa kona moja juu. Usipoiona hiyo kona, umekosea mara nane.

"Mara nane, Yuditha. Anayekufa hakuulizi kona ilikuwa wapi. Soma unapoishika chupa, soma unapomimina, soma unapoirudisha."

Nasoma. Na daftari hili nalificha chini ya debe la haluli, ile chumvi chungu ya kuharisha, kwa sababu hakuna mtu anayegusa haluli kwa hiari yake.

Jumanne, 3 Aprili.

Mvua. Korona, mashine ya kusaga mkonge, haikuwashwa, mkonge uliokatwa unaozea kwenye matoroli. Kikohozi tu.

Alhamisi, 5 Aprili.

Tunafanya hivi. Baba anakaa kwenye kona yenye giza, kiti kimegeuzwa ili mwanga usimpige machoni. Mgonjwa anasimama nje ya dirisha la dawa na kueleza shida yake. Baba anajibu kutoka gizani. Mimi napima, naziba, nasukuma chupa nje. Watu wanadhani kazi yangu ni kuosha chupa. Sisemi neno, na hilo haliwashangazi. Hata shuleni Sista akiniuliza swali, wenzangu hunijibia.

Leo amekuja Bi Hamisa, mama yake nyapara Mwinjuma, na maumivu yake ya magoti.

"Hodi, dresa! Siku hizi umewekwa ndani kama mwali, wanakufunda nini humo?"

"Nimenenepa, Bi Hamisa. Mlango haunitoshi."

"Unenepe na nini, na mkeo yuko Misima? Toka nje nikuone."

"Ukiniona utasahau magoti, utake kuolewa."

Alicheka mpaka akakohoa. Alikuja na chupa yake mwenyewe, ya mafuta ya nywele, imezibwa kwa gunzi. Kila mtu huja na chupa yake, na zote hazilingani, ndiyo maana tunabandika meno. Ni ukanda mwembamba wa karatasi ambao baba alikuwa akiukata kwa mkasi, na sasa naukata mimi: kila kipimo kimoja ni jino moja, unaugundisha ubavuni kwa uji wa muhogo. Asiyejua kusoma anakunywa mpaka jino linalofuata, basi.

Akanipitishia kitumbua dirishani. "Na huyu bubu wako naye ale."

Nilitaka kusema asante. Chupa ilikuwa imekwisha kutoka mkononi mwangu na yeye amekwisha kugeuka.

Jumatatu, 9 Aprili.

Mvua. Barabara ya Korogwe imekatika pale kwenye daraja.

Ijumaa, 13 Aprili.

Waislamu wameanza kufunga. Mchana kambi iko kimya, hata watoto wanazungumza taratibu. Jioni harufu ya maharage na mihogo ya nazi inaingia mpaka chumba cha dawa. Baba anapenda harufu hiyo. Alisema zamani alikuwa akialikwa futari kila siku nyumba nyingine. Nikamwuliza mwaka huu je. Akasema ana kazi.

Jumatatu, 16 Aprili.

Leo shule imefunguliwa. Barabara imekatika lakini treni inapita, nimeisikia ikipiga honi saa nne nikiwa naosha funeli. Wenzangu wa Hale wamo humo.

Jana baba alinipa karatasi. "Mwandikie Sista kwa Kiingereza kwamba una homa."

"Sina homa, baba."

"Mvua ikikatika utakwenda."

"Na dirishani atakaa nani?"

Aliigonga karatasi kwa kidole. Nikaandika. *I regret to inform you.* Ni mwandiko wangu mwenyewe mzuri unaonifungia mlango, na Sista ataupa alama kumi juu ya kumi.

Nilikuwa nikimwona baba kama mtu mrefu kuliko wote. Leo nilimwona anapapasa meza akitafuta kikombe kilichokuwa mbele yake, sikumsogezea. Nilikaa nikamtazama. Naandika hili kwa sababu ni kweli.

Jumatano, 18 Aprili.

Daktari amekuja kwa kiberenge cha reli, miguu imejaa matope, hana uvumilivu. Bi Hamisa ana homa kali. Kamwandikia kwinini ya maji, nusu aunsi, *t.d.s.* Kisha akamnyooshea baba kadi akasema, "Nisomee, Lukasi, wino umelowa."

Baba aliipokea kadi. Akakohoa. Akakohoa tena. Mimi niliiacha glasi ya kupimia ianguke.

Ilivunjika vipande vipande. Daktari aliniita jina ambalo sitaliandika, akaisahau kadi, akaenda zake. Tumebaki na glasi moja. Baba aliniambia, "Umefanya vema," akaniwekea mkono begani. Kuvunja glasi ndilo jambo la kwanza analonisifia mwaka huu.

Nilimpimia Bi Hamisa. Nilisoma mara tatu. Nilikata meno sawasawa. Nilisukuma chupa nje.

Alhamisi, 19 Aprili.

Mvua.

Jumamosi, 21 Aprili. Mchana.

Sijui nianze wapi. Asubuhi nilipima kwinini kwa wawili, Mzee Mbwana mlinzi wa stoo na mke wa Abdi wa Kambi ya Juu, ambaye ni mjamzito. Hawajafika mbali nikasikia mtu anakuja anakimbia. Mwinjuma. Hakupiga hodi. Alipita mlangoni, siyo dirishani, na kiatu cha matope mpaka katikati ya chumba.

"Dresa, umempa nini mama yangu?"

"Kuna nini, Mwinjuma?"

"Masikio yanamvuma kama korona, hasikii. Anatapika. Na tangu alfajiri haoni! Nampungia mkono hivi mbele ya uso, hata kope hazipigi! Umempa nini?"

Akaiweka chupa mezani kwa kishindo. Baba aliishika, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza polepole kama mtu anayesoma. Nilitaka kusema. Nilishika ukingo wa meza.

"Dresa," Mwinjuma akasema. Sasa alikuwa anasema pole pole, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Karatasi iko upande huu."

Baba aliigeuza. Lakini Mwinjuma alikuwa hatazami chupa tena. Alikuwa anamtazama baba machoni, karibu kabisa, kama watu wanavyochungulia kisima.

"Kumbe," akasema.

Baba akajikaza. Akamwambia aiache dawa hiyo kabisa, mama akae kwenye chumba chenye giza, apewe chai ya sukari kidogo kidogo na maji mengi. Alisema vizuri, kwa sauti ile ya jeshini. Mwinjuma akamjibu, "Jumatano daktari anakuja. Wewe kaa hapo hapo. Na mama yangu akifa, hilo koti utalivulia polisi."

Alipoondoka, baba alikaa. Kisha akasema neno ambalo hajawahi kuniambia.

"Yuditha. Ulipima ngapi?"

"Nusu aunsi."

"Una hakika ilikuwa nusu?"

"Nilisoma mara tatu, baba."

"Una hakika?"

Mpaka aliponiuliza mara ya pili nilikuwa na hakika. Sasa ninaiona ile kona ya aunsi kila ninapofumba macho, mara ipo, mara haipo. Nikisema nilipima mimi, macho yangu mazima, basi kila mtu atajua kwamba baba haoni, na leo hii hatuna nyumba. Nikinyamaza, kipofu amemnywesha sumu mama wa nyapara, na baba anakwenda jela. Huku ukuta, huku ukuta.

Nimeomba mvua isikatike na kiberenge kisifike. Mungu anisamehe, nimeomba hivyo huku Bi Hamisa analala gizani.

Jumapili, 22 Aprili.

Jana sikumaliza. Saa kumi nilitoka. Sikumwambia baba nakwenda wapi.  Sikuchukua kitu. Nilikwenda na mikono mitupu mpaka kwa Mwinjuma, na Mungu alinisaidia, yeye hakuwepo. Alikuwepo mkewe, Fatu, anamenya mihogo uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe si yule mtoto wa dresa? Umetumwa?"

"Nimekuja kumwona bibi."

Alinitazama, kisha akanionyesha mlango kwa kisu. Bi Hamisa alikuwa amelala uso kwenye ukuta. Nilimshika mkono. Akauliza, "Nani?" kwa sauti kubwa mno, ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe. Niliuachia mkono. Nikatoka nje nikasimama mbele ya Fatu, na kwa kuwa sikujua namna ya kuondoka, nikauliza.

"Mama, dawa alikuwa anakunywa vipi?"

"Kama mlivyobandika. Meno matatu kwa siku. Nilimhesabia mwenyewe."

"Asubuhi jino moja..."

"Asubuhi gani, mwanangu, na mtu kafunga? Mwinjuma kamsihi asifunge, mgonjwa karuhusiwa, lakini huyu mama haambiliki. Adhana ikilia anakunywa uji kikombe kimoja, halafu dawa yake, matatu yote, ili asiikose siku."

Kisu chake kiliendelea kumenya. Mimi nilisimama hapo.

Matatu yote. Kwa mpigo mmoja, kwenye tumbo tupu, mwanamke mwembamba vile. Nilikuwa nimepima sawa. Meno yalikuwa sawa. Daktari aliandika sawa. Nilirudi mbio nikamweleza baba, nikidhani atafurahi kwamba sikukosea.

Baba aliipapasa chupa ya Mwinjuma, akayagusa meno kwa kidole. Halafu akasema, "Nilikuwa nikiwauliza."

"Nini, baba?"

"Kila Ramadhani. Natoka nje pale barazani, namtazama mtu, namwuliza, umefunga? Akisema ndiyo, namwambia jino moja wakati wa kufuturu, moja ukitoka tarawehe, moja kwenye daku. Hakuna dresa wa Kikristo asiyejua hilo katika nchi hii." Akajifuta uso kwa mkono wa koti. "Mwaka huu sikutoka nje."

Na mimi sikufungua mdomo. Yeye gizani anaficha macho, mimi dirishani naficha sauti, katikati yetu chupa inapita bila neno.

Kisha akainua kichwa. "Nani mwingine kachukua kwinini?"

"Mzee Mbwana. Na mke wa Abdi."

"Lini?"

"Leo asubuhi."

Baba alisimama ghafla, akagonga paja kwenye kona ya meza, akatafuta mlango kwa mkono upande ambao haupo. Nje kulikuwa na mitaro iliyojaa maji na ubao mmoja mmoja wa kuvukia. Alisimama hapo mlangoni.

"Ukienda wewe," akasema, "watauliza umejuaje."

"Ndiyo, baba."

Nilisubiri. Hakunikataza. Hakuniruhusu. Alianza kufungua vifungo vya koti lake, kimoja baada ya kingine, kama mtu aliyemaliza kazi. Nikaondoka.

Jua lilikuwa limeshuka upande wa Mombo. Mzee Mbwana alikuwa amekaa mbele ya stoo, uji mbele yake, chupa kando ya uji, masikio yake msikitini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Yuditha wa dresa. Mzee, usinywe meno matatu kwa mara moja. Jino moja sasa, moja ukitoka tarawehe, moja daku. Ukichanganya yatakuua macho."

"Ala! Kumbe bubu ana sauti!" Akacheka, kisha hakucheka. "Kasema baba yako?"

"Nasema mimi. Mimi ndiye niliyepima."

"Wewe? Na baba yako anafanya nini humo ndani?"

Hapo ndipo ningeweza kudanganya. Adhana ilianza wakati huo huo, na Kambi ya Juu ilikuwa ng'ambo ya mitaro.

"Haoni, mzee," nikasema, nikakimbia.

Nilianguka kwenye mtaro wa pili. Mke wa Abdi alikuwa amekaa mkekani na wanawake wenzake, chupa mdomoni. Nilipiga kelele. Sijui nilipiga kelele gani, nadhani nilisema "Basi! Basi!" kama mtu anayeita ng'ombe, na kambi nzima ikageuka. Aliitoa chupa mdomoni. Nikaitazama. Jino moja limekwenda. Moja tu.

Nilisimama hapo na matope mpaka kiunoni nikawaeleza wote, Waislamu na Wakristo, nani anakunywa lini na kwa nini. Mwanamke mmoja akauliza, "Sasa huyu mtoto ndiye daktari?" Mwingine akamjibu, "Nyamaza, tusikie." Niliposema mara ya tatu sauti haikutetemeka. Nyuma ya watu nilimwona Mwinjuma, amesimama na kikombe cha maji, hajanywa. Alisikia yote.

Jumatatu, 23 Aprili.

Hakuna mgonjwa hata mmoja. Baba hakuvaa koti.

Jumanne, 24 Aprili.

Mvua imekatika. Kesho kiberenge kitapita.

Fatu alikuja dirishani na bakuli lililofunikwa. Bi Hamisa ameanza kusikia. Macho anaona mwanga wa mlango na vivuli vya watu. Amesema, "Mwambieni dresa sasa tumelingana, atoke nje tuonane." Nilimweleza baba. Alicheka kidogo, halafu akaweka mikono usoni, na mabega yake yakawa yanaruka. Sijawahi kumwona hivyo. Nilikuwa nimekasirika naye tangu siku ya barua na nilitaka kuendelea, lakini nilimsogezea kikombe.

"Nilikuogopesha," akasema.

"Hapana, baba."

"Niliogopa mimi, nikakufungia na wewe humo humo. Kesho daktari akiuliza, sema lililo kweli. Mimi nitasema langu."

"Na nyumba?"

"Misima kuna nyumba."

Misima kuna chumba kimoja, bibi mgonjwa ndani yake.

Jumatano, 25 Aprili.

Kiberenge kimesimama. Nimesikia sauti ya daktari kule relini, na ya Mwinjuma ikimjibu, ndefu, sikuweza kushika maneno. Baba alikwenda kumpokea daktari asubuhi mapema akipapasa ua, hakutaka nimshike.

Nimeosha glasi. Nimepanga kadi. Nimekaa kwenye kiti chake, nimekigeuza kitazame mlango. Sijui kama Jumapili hii nitakuwa shule, au Misima, au mbele ya polisi nikieleza nusu aunsi ni nini. Mwandiko unacheza, Sista asingeupa hata alama tano.

Wanakuja. Ile ni buti ya daktari, inachapa maji. Ile ni ya Mwinjuma, nzito, naijua tangu siku ile. Na ya baba naisikia karibu nayo, karibu sana, haifuati ukuta kama kawaida yake. Sasa wamefika barazani. Mwinjuma anasema, "Ngazi hapa, dresa. Inua mguu. Mwingine. Haya."

Debe la haluli liko mguuni kwangu. Nikinyoosha mkono nitalifikia. Naliacha daftari hapa mezani, wazi, wino mbichi, na mlango niliufungua tangu asubuhi.